Mkeka wa Saba

YAH: WASHIRIKA KUONEKANA WAMELALA CHALI NDANI YA UKUMBI MDOGO SIKU ZA JUMANNE NA IJUMAA BILA KIBALI CHA BARAZA LA WAZEE

Kichwa hicho nilikitunga mimi. Kiko katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari mmoja kama taratibu zinavyotaka, na hata leo sioni pa kukirekebisha. Mimi ni mjumbe na katibu wa baraza la wazee wa kanisa, kazi isiyo na mshahara. Kazi inayonilisha ni kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi, pale barabara mbili zinapokutana, mkabala na ofisi ya kanisa. Nje ya kibanda kuna benchi la zamani la kanisani, lililostaafishwa baada ya kuvunjika mguu mmoja. Tofali limeshika nafasi ya mguu. Kila asubuhi, kabla jua halijafika ukutani, utawakuta pale watu walewale: Mzee Kifungu, aliyekaa masjala ya serikali miaka thelathini na moja na hawezi kukujulia hali bila kutaja kanuni, Mkasi, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huja na taulo begani ili wateja wajue yuko kazini, na Birika, dada anayetuuzia kahawa, ambaye hakai kamwe, anasimama kando ya jiko lake la mkaa kama askari wa zamu. Mimi hukaa mwisho, upande wa tofali.

Alhamisi ile walikuwa na nakala ya barua yangu. Sijui iliwafikiaje. Kopi zote nilizitoa kwa mkono wangu na nilizihesabu.

— Katibu, Kiswahili hiki umekitoa wapi? — Mkasi aliuliza, ameishika barua kwa ncha za vidole kama taulo la mteja mwenye mba. — Sikilizeni: "Washirika hao walionekana wamekufa kwa muda, na baadaye kufufuka mmoja mmoja bila baraza kuarifiwa."

— Ni maneno ya mlinzi, — nikasema. — Mimi nimeyanyoosha tu.

— Yalikuwa yamepinda namna gani kabla hujayanyoosha?

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti ya kutosha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mlinzi mpya wa kanisa, jioni ya Ijumaa, alichungulia dirisha la ukumbi mdogo akaona watu wamelala sakafuni juu ya mikeka ya sponji, viganja juu, midomo wazi kidogo, hakuna anayetikisika. Alikimbia hadi nyumbani kwa mchungaji akipiga kelele za sumu. Mchungaji akafika na kiatu kimoja. Alipofungua mlango, marehemu walikuwa wanakunja mikeka na kutakiana amani.

Aliyekuwa akiwafundisha ni Mama Viungo. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu alikuwa muuguzi wa kuwanyoosha waliovunjika na waliopooza, mpaka alipostaafu. Zamani hospitali ilimpeleka mafunzoni nchi ya mashariki ya mbali, na huko muuguzi mwenzake akamfundisha yoga: kujinyoosha, kuketi kimya, kuvuta pumzi kwa utaratibu. Alirudi nayo. Miaka yote hiyo aliifanya nyumbani kwake, Maandiko yamefunguliwa pembeni, na mwaka huu akaomba ufunguo wa ukumbi mdogo kwa ajili ya "mazoezi ya wenye maumivu ya mgongo." Ombi lilipita, ingawa neno yoga halikuwemo. Nililichapa mimi.

Niseme jambo moja mapema, msomaji asije akadhani namficha. Mikeka ilikuwa saba. Majina kwenye barua ni sita. Wa saba ni mimi.

Nilianza kwa ajili ya presha. Mama Viungo alikuja kutoa kopi akanikuta naifokea mashine iliyobana karatasi. Alisubiri nimalize, akasema, "Baba, hiyo sauti si ya mtu kuifokea mashine. Ni ya mtu kumfokea mtu. Nani huyo?" Alikuwa mwanangu mkubwa, ambaye hatukuwa tumesemezana naye kwa miaka miwili. Jumanne iliyofuata nilikwenda ukumbini. Nikachukua mkeka wa karibu na mlango ili nikihitaji kutoroka nitoroke. Kila tulipolala chali nilijifunika leso usoni. Niliwaambia wenzangu mwanga unanisumbua macho. Ndiyo maana mlinzi aliwatambua sita, na mchungaji alipofika mimi nilikuwa nimeshatoka.

Baraza liliponituma nikachukue orodha kamili, Mama Viungo aliiandika kwa mkono wake mezani kwake, polepole: yeye mwenyewe, fundi viatu, mwalimu wa hesabu, mjane wa mtunza bohari, mapacha wawili wanaoimba sauti ya pili. Alipofika sita akaacha mstari, akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu. "Ongeza aliyesahaulika," akasema, akaenda kuangalia maji jikoni.

Alirudi akakuta karatasi kama alivyoiacha. Alinifungulia mlango, akaniuliza mgongo unaendeleaje.

Basi Jumapili ile barua ingesomwa mbele ya washirika wote. Walioandikwa wangesimama. Wangetengwa na Meza ya Bwana miezi mitatu, na yeye miezi sita, kwa kuwa kiongozi. Tena angenyang'anywa ufunguo na kufutwa kwenye orodha ya wanaotembelea wagonjwa, kazi aliyoifanya miaka ishirini. Hayo yote nilikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, yamepigwa muhuri. Turudi kwenye benchi.

— Mimi sina shida na kulala, — Mkasi alisema. — Kulala ni haki ya kila mtu. Shida yangu ni pumzi. Mtu anavuta kwa hesabu, moja mbili tatu nne. Halafu anaishika. Sasa niambieni, wakati ameishika, zile tundu mbili za pua zimebaki wazi kwa ajili ya nani?

— Kwa ajili ya mafua, — Birika akajibu.

— Cheka tu, dada. Mwalimu wa hesabu, namba tatu hapa kwenye barua, alikuwa ananyoa kwangu kila wiki mbili. Tangu aanze mambo haya anakuja mwezi kwa mwezi. Nywele haziendi! Zimetulia! Mwili ukitulia kupita kiasi, na nywele nazo zinatulia. Miaka mitano ya hivi, kinyozi gani atafungua duka?

— Kumbe unatetea dini au unatetea mashine yako ya kunyolea?

— Vyote vinakwenda pamoja.

Mzee Kifungu alipuliza kahawa yake mara tatu. Hupuliza mara tatu hata ikiwa imepoa.

— Mmepotea nyote, — akasema. — Pumzi haina kifungu popote. Kinachonitia hofu mimi ni jalada. Mtu akifa, huko juu jalada lake linafungwa. Si ndiyo? Akifufuka, lazima lifunguliwe jipya, maana la kwanza limeshapigwa muhuri. Sasa hawa wanakufa Jumanne, wanafufuka Jumanne. Ijumaa tena. Miezi minane! Chukua watu saba, mara...

— Sita, — nikasema.

— Mlinzi alisema saba.

— Mlinzi alihesabu akiwa anakimbia, mzee.

— Haya, sita. Ahsante, Katibu. Sita mara sabini. Malaika wa masjala hapati hata nafasi ya kunywa chai. Na siku ile kuu litaitwa jina la mtu, yatolewe majalada sabini, yote yake, tarehe mbalimbali. Nani atajua lipi ndilo halisi? Mtu anaweza kuhukumiwa kwa jalada la Ijumaa ilhali alitubu Jumanne!

— Mzee wangu, — Birika alisema akimwongezea kahawa, — jalada la kiwanja cha mama yangu mlilipoteza mara mbili, na mama yangu hajawahi kufa hata mara moja.

— Lile lilikuwa suala la unyevu. Kulikuwa na unyevu kwenye kabati.

— Unyevu mara mbili?

— Unyevu hauna idadi, mwanangu.

Mkasi aliona mjadala unamtoroka. Akalivuta taulo, akalirusha bega la pili.

— Tuacheni masihara. Kitu kina asili yake. Huko ilikotoka yoga kuna miungu, kuna masanamu yenye mikono mingi, kila mkono una kazi yake. Leo unakunja mguu, kesho unakunja na roho. Mimi wateja wangu wawili walisafiri huko wakarudi hawali nyama.

— Na wewe ulipoteza nini hapo? — Birika akauliza.

— Nasema tu. Hawali.

— Hilo la asili lina jibu, — akasema Mzee Kifungu. — Kengele ya kanisa ilitoka wapi? Kinanda? Joho la mchungaji? Tai ya Katibu? Hata haya mabenchi, hakuna babu yetu aliyekaa hivi, mgongo wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Vyote vya kigeni! Lakini viliingia kwa kibali. Kilichokosekana hapa ni kibali tu. Mama yule angejaza fomu.

— Fomu ipi?

— Lazima ipo.

— Ya kuingiza pumzi?

— Ya kuingiza kitu chochote kisichoonekana. Ningekuwa bado ofisini ningeitafuta.

— Ungeikuta imelowa, — Birika akasema.

Nilicheka tena, na safari hii nilichelewa kidogo, kwa sababu nilikuwa nakumbuka kikao cha baraza. Mzee mmoja alimuuliza Mama Viungo, kwa ukali wa mtu aliyeandaa swali tangu nyumbani: "Unapokunja miguu hivyo, unamwabudu nani?" Akajibu, "Yuleyule ninayemwabudu nikiwa nimeinyoosha." Niliandika jibu hilo kwenye kumbukumbu, kisha mwenyekiti akaniambia nilifute kwa sababu lilisababisha kicheko.

Mchungaji hakucheka wala hakufoka. Mchungaji wetu si mjinga, na sipendi wanaomfanya mjinga. Yeye alisema jambo moja, taratibu: "Mama, naogopa mtu akishajua kujituliza mwenyewe hatamhitaji tena Bwana wa kumtuliza." Katika saa tatu za kikao lile ndilo swali pekee lililostahili jibu. Mama Viungo aliinama akifikiri. Akainua macho, akatazama meza yote, na macho yakapita kwangu bila kusimama. "Waulizeni waliokuja," akasema.

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni. Miaka yote ya uzee wangu wa kanisa nilikuwa nikisali kama ninavyoendesha kikao: kufungua, mahudhurio, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Nilimsomea Mungu ajenda nikaondoka kabla hajachangia. Nilipokaa kwenye mkeka ule, nikaambiwa nivute pumzi nikisema moyoni "Bwana" na niitoe nikisema "niko hapa," ndipo nilipogundua kwamba sehemu ya pili ilikuwa uongo. Sikuwa hapo. Sijawahi kuwa hapo. Ilinichukua wiki tano kuisema bila kuona haya. Wiki ya sita nilimpigia mwanangu simu nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Baba, umelewa?" Siku hizi anapiga kila Jumapili, na mimi simkatizi.

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Mchungaji angelielewa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nikaandika: *Mchungaji aliuliza swali. Hakukuwa na jibu.*

— Mama yangu alipopooza, — Birika alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, — huyo Mama Viungo alikuja siku tisini mfululizo. Sitii chumvi, nilikuwa naweka alama mlangoni kwa mkaa. Anamkalisha, anamnyoosha vidole kimoja kimoja, anamwambia vuta, Bwana. Toa, niko hapa. Mama hawezi kusema, anatoa pumzi tu. Neno la kwanza kutoka mdomoni mwake baada ya miezi mitatu lilikuwa "niko hapa." La pili lilikuwa kwamba chai haina sukari.

— Mungu mkubwa, — Mkasi alisema, akalishusha taulo begani.

— Sasa Jumapili mtamsimamisha mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Mzee Kifungu, wewe na kanuni zako zote, hakuna hata moja ya kumwokoa?

Mzee Kifungu aliweka kikombe chini. Hakuna kitu kinachomfurahisha kama kuulizwa.

— Ipo, — akasema. — Katiba ya kanisa lenu, kanuni ya kumi na nne. Niliisoma yote siku moja nikimsubiri fundi bomba. Inasema hivi: shauri lolote linalomgusa mjumbe wa baraza, baraza hilo haliruhusiwi kulisikiliza. Linafungwa kwenye bahasha, linapelekwa ngazi ya juu.

— Na huko juu?

— Huko juu linalala. Si ndiyo, Katibu? Lile shauri la kinanda lina muda gani huko?

— Miaka tisa, — nikasema.

— Miaka tisa! Na kinanda kinapigwa kila Jumapili, hakuna wa kukigusa, kwa sababu kina shauri. Mama yule naye angebaki na ufunguo wake, anatembelea wagonjwa wake, mpaka sisi sote tuwe tumelala chali kikwelikweli. Kinachohitajika ni mjumbe mmoja tu wa baraza awe alikuwemo. Mmoja! Bahati mbaya hayumo.

— Mjumbe wa baraza alale chali? — Mkasi aliangua kicheko. — Wale? Wale hata kupiga chafya wanapitisha azimio. Katibu, unaweza kumfikiria mjumbe wa baraza amelala pale, viganja juu, anakufa kwa muda?

— Ni vigumu, — nikasema.

Kanuni ya kumi na nne niliijua. Niliichapa upya mwaka juzi, pamoja na yaliyomo na faharasa.

Wakati huo ndipo mkokoteni uliposimama mbele yetu. Aliyeusukuma hatukumjua, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, mabega mapana, shati limelowa mgongoni. Ndani ya mkokoteni kulikuwa na mkeka mmoja wa kijani, umekunjwa na kufungwa kamba, una kibandiko.

— Habari zenu, wakubwa.

— Nzuri, kaka. Pumzika, — Birika akasema, akamimina kikombe bila kuulizwa.

— Nimetumwa na ofisi ya kanisa kurudisha mali za watu. — Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla hajaifungua: HATI YA KUREJESHEA WENYEWE MALI ILIYOZUILIWA KAMA KIELELEZO. — Nimezunguka tangu alfajiri. Nimepewa mikeka saba. Majina sita, sahihi sita, kila mtu kachukua wake. Umebaki huu.

— Lete tuone, — Mzee Kifungu akapokea hati, akaishika mbali na macho kama anavyofanya mbele ya karatasi anayoiheshimu. — Kielelezo namba moja, dirishani. Namba mbili, chini ya ubao wa matangazo. Namba saba, karibu na mlango. Mkabala na namba saba hakuna jina.

— Ndicho ninachouliza mimi, — yule mchukuzi akasema.

— Ulimuuliza nani huko?

— Yule mama mrefu, wa kwanza kwenye orodha. Nilimwambia mama, umebaki mmoja. Akasema nenda pale kwenye benchi la mpiga chapa. Nikamuuliza nimtafute nani. Akasema usimtafute mtu, uliza tu, mwenyewe atasema.

Birika alisimama na kikombe cha yule mchukuzi mkononi.

— Ni akiba, — Mzee Kifungu akaamua. — Ununuzi wowote uliofanywa vizuri una akiba. Watu sita, mikeka saba. Nampongeza mama.

— Akiba gani imechakaa hivi? — mchukuzi akaugeuza. — Huu umelaliwa. Ona pa kichwa palivyobonyea.

— Basi mimi najua, — Mkasi alisema, na macho yalimtoka. — Nilisema tangu mwanzo nikaonekana mjinga. Kwa nini wanalala kimya vile? Kwa sababu kuna mtu wanamsubiri! Wale sita ni wanafunzi. Wa saba haonekani. Anakuja, analala karibu na mlango, anahesabu mahudhurio, anaondoka. Mwenyewe! Mkubwa wao! Mlinzi alisema mmoja hakuwa na uso!

— Alisema hivyo?

— Aliniambia mimi nikiwa namnyoa. Pale usoni palikuwa peupe tu. Hakuna macho, hakuna pua. Peupe! Shetani hana uso, kila mtu anajua. Mzee Kifungu, jalada la shetani likoje?

— Linakuwa jekundu, — mzee alijibu bila kusita. — Siri kubwa. Halitoki nje ya chumba.

Leso yangu ilikuwa mfukoni, nyeupe, imepigwa pasi.

Mchukuzi hakuwasikiliza. Alifungua kamba, akautandaza mkeka juu ya mkokoteni ili auone vizuri. Upande mmoja ulikuwa umechanika, urefu wa kiganja, na mpasuko ulibanwa kwa pini nene za stepla, kumi na moja, zimepangwa kwa umbali uleule kama zilivyopangwa kwenye mgongo wa daftari. Nilizibana mimi, Jumanne moja ya mvua, na wakati ule niliona fahari.

Birika aliziangalia zile pini. Halafu akaangalia dirisha la kibanda changu, pale juu ya meza ilipo stepla kubwa ya kubania vitabu, moja tu katika barabara hizi mbili. Watu hutoka mbali kuiazima. Halafu akaniangalia mimi. Hakukunja uso. Ingekuwa nafuu kama angekunja.

— Mimi si mtu wa kanisa hilo, — mchukuzi akasema, — na mambo ya kulala na kuamka siyajui. Lakini nieleweni. Huyu mtu alikuwa analala na wenzake, si ndiyo? Mkeka ni huu. Wenzake wameandikwa, wote, hata yule mjane. Kwa nini yeye hajaandikwa?

Mzee Kifungu aliigeuza hati upande wa nyuma. Miaka thelathini na moja ya masjala ilipita usoni mwake ikitafuta kifungu, haikukipata. Mkasi alishika taulo kwa mikono miwili. Hata yule mchukuzi alisubiri kwa adabu, kikombe mkononi, akitazama kutoka uso mmoja hadi mwingine, na alipofika mwisho wa benchi, upande wa tofali, macho yake yakakaa hapo kidogo zaidi ya kwingine.

Nilivuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Neno lilikuja lenyewe, la kwanza: Bwana. Nikaishika. Nilitakiwa kuitoa na maneno mawili tu, na mbele ya watu watatu na mgeni mmoja yangetosha. Kanuni ya kumi na nne ingefanya mengine yote.

— Lete hiyo hati, — nikasema. — Uache mkeka hapa, kaka. Mimi ni katibu wa baraza. Nitamtafuta mwenyewe.

— Utanisainia?

— Nitakusainia.

Nikachukua kalamu kutoka mfuko wa shati, uleule wenye barua. Mkabala na kielelezo namba saba nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Umepokelewa. K.n.y. mwenyewe.* Nikaweka sahihi na tarehe.

— Hapo sasa! — Mzee Kifungu akasema kwa faraja. — Kwa niaba ya. Utaratibu umekamilika.

— Mungu akubariki, mzee, — mchukuzi akaniambia. Akarudisha kikombe, akageuza mkokoteni mtupu, akaenda zake.

Nilimnyooshea Birika kikombe changu. Aliliinamisha birika juu yake na halikutoa kitu. Akaliinua, akalitikisa karibu na sikio langu nisikie kahawa iliyobaki ikicheza ndani, nyingi tu, vikombe vitatu au vinne.

— Imekwisha, Katibu, — akasema.

Akamwaga makaa, akabeba jiko.

Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, barua ilisomwa mbele ya washirika. Walisimama watu sita. Mama Viungo alitengwa miezi sita, akakabidhi ufunguo na kuondolewa kwenye orodha ya wanaotembelea wagonjwa. Mkeka wa saba uko nyuma ya mashine ya kopi. Majina sita niliyasoma mimi, kwa sauti iliyotulia.